Jeti Shingoni mwa Mjane

Ta.

Ta-ta. Krrrr.

Ulikuwa mlio mdogo, wa nyumbani kabisa, kama punje ya maharage inayomponyoka mtu anapochambua, ikakimbilia chini ya meza. Ila hapakuwa na aliyekuwa akichambua maharage. Chumba kilikuwa giza tupu, na kilichodondoka kwenye vigae kilikuwa kimetoka shingoni mwa Liliane.

Uliyekosa gazeti la wiki iliyopita usihangaike, nakupa mawili matatu haraka. Liliane ni mjane. Mumewe, Protais, aliangukiwa na shehena ghalani huko Garland, Texas, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Siku ya mazishi wifi yake Elvire, dada mkubwa wa marehemu, alimvalisha mkufu wa shanga nyeusi akamwamuru asiuvue hadi siku ya kuanua matanga, sherehe ambayo Warundi huiita kuganduka.

Siku hiyo ndiyo leo, Jumamosi, nyumbani kwa Elvire, Arlington. Wageni wamekaa garejini kwenye viti vya kukodi. Mkufu unatakiwa uvuliwe mbele yao, na mkono wa ukoo, ukiwa mzima. Ukivuliwa mzima, Liliane yuko huru: kesho yeye na binti yake Clara wanahamia Missouri City, kule Houston, alikopata chumba na nafasi ya kusomea uuguzi. Ukikatika, Elvire ameapa matanga yataanza upya, na mtoto atabaki kwake.

Tulimwacha Liliane chumbani kwa Elvire akivaa. Mvua ya mawe ikapiga, umeme ukakatika, na mapazia yale mazito yakageuza mchana kuwa usiku. Kisha mkono wa mtu ukamshika shingo na kuvuta.

Haya, twende.

Shanga ziliendelea kudondoka, moja hapa, tatu kule, zikikimbia chini ya kitanda kama mende walioona taa. Liliane alijishika shingo kwa mikono yote miwili. Alishika uzi mtupu.

"Nani?"

Harufu ndiyo iliyojibu: pipi za mnanaa. Kulikuwa na mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile aliyemung'unya pipi za mnanaa toka asubuhi.

"Wifi," alisema Liliane. "Najua ni wewe."

Tochi ya simu iliwaka. Uso wa Elvire ukatokea, umemulikwa kutoka chini ya kidevu, umetulia kama wa mtu anayesubiri chai.

"Liliane. Umefanya nini?"

"Umenivuta wewe."

"Mimi? Mimi nimesimama hapa mlangoni."

"Mlango uko nyuma yangu, wifi. Wewe uko mbele yangu."

Elvire alitazama alipo. Akacheka kidogo kwa pua.

"Basi nimesogea."

Liliane alipiga magoti na kuanza kupapasa sakafu. Alijua hazitafaa tena, lakini mikono ilikataa kukaa bure. Elvire alipiga hatua moja, polepole, kama anayemkanyaga mdudu ili amsikie.

Kracha.

Ushanga ulipasuka chini ya kiatu chake. Liliane alivuta mkono, na damu ikamtoka kidoleni. Aliinua kipande kwenye mwanga wa simu. Kilikuwa chembamba, kikali, kinapitisha mwanga pembeni.

Hapa nikukumbushe habari ya jiwe la mkufu ule. Elvire alilipata Fort Worth, kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kizungu aliyefariki, watoto wake wakiuza vitu vyake sebuleni. Muuzaji alimweleza kwamba ni jeti: mti wa kale uliolala chini ya bahari ya Uingereza mpaka ukawa jiwe jeusi. Karne ya kumi na tisa mjane wa heshima hakuvaa dhahabu. Alivaa jeti tu, na gauni jeusi lisilong'aa. Nyumbani kwake saa ya ukutani ilisimamishwa, vioo vikafunikwa shuka. Malkia wao mwenyewe alipofiwa na mume alivaa nyeusi mpaka naye akafa.

Elvire alirudi Arlington kama mtu aliyetoka kuhiji. Akampigia simu Lambert, mdogo wake wa mwisho, anayeishi Missouri City.

"Nimemnunulia Liliane jeti."

Lambert akauliza, "Ya abiria wangapi?"

Hakuna aliyecheka tena baada ya hapo. Elvire alifunika vioo vyote vya Liliane, akatoa betri kwenye saa. Akamkataza kuimba, akamkataza sherehe za shule, akamkataza kukaa sakafuni na mtoto akicheza, ati mjane haonekani hivyo. Mwaka ulipotimia, mwaka ambao kwa Warundi unatosha, akasema wajane wa Uingereza walikaa miaka miwili.

"Mila ya Burundi ikiwa laini anakimbilia Uingereza," alisema Moraa, nesi Mkisii, jirani na rafiki wa Liliane. "Uingereza ikiwa laini anarudi Burundi. Na hao Waingereza zamani walisuka nywele za marehemu wakazivaa kifuani. Shukuru Protais alikuwa na kipara."

Ni Mzee Cyrille, mdogo wa baba yao Elvire, aliyesema sasa basi, akapanga siku ya leo.

Turudi chumbani.

"Jiwe halipasuki hivi," alisema Liliane. Alikuwa bado amepiga magoti. "Wifi, hii ni chupa."

Alitegemea Elvire ashtuke. Elvire aliurudisha mlango, akaketi kitandani, akaiweka simu pajani mwanga ukitazama juu.

"Umechelewa kujua," alisema. "Yule muuzaji aliniwekea mikufu miwili mezani. Mmoja jeti halisi. Mwepesi, una uvuguvugu kama mkono wa mtu. Mwingine chupa nyeusi, ya wajane maskini wa wakati ule walioshindwa kupata jeti. Baridi. Mzito. Nikaushika mmoja mkono huu, mwingine mkono huu."

"Ukachukua wa bei ndogo."

"Unafikiri ni ubahili?" Elvire alitikisa kichwa kwa huruma. "Jeti halisi ukiivaa unaisahau. Mimi nilitaka usisahau. Nilitaka ukiinama kumfunga mtoto viatu ikuvute chini. Ukilala ikukabe. Ukipita ukumbini nikusikie ulipo, kama mbuzi mwenye kengele."

Liliane alitafuta maneno, akapata matatu.

"Nilikukosea nini, wifi?"

"Nilimbeba Protais mgongoni kutoka Ruyigi mpaka kambi ya wakimbizi ya Kibondo. Nilimtoa funza miguuni kwa pini. Nilimfundisha kuandika jina lake kwenye vumbi. Wewe ulimpata ameshaoga, ameshavaa tai."

"Nilimpenda."

"Ndiyo. Ukapata na mtoto. Mimi nimepata picha ukutani."

Mvua ya mawe ilikuwa imebaki matone.

"Kwa hiyo leo hutaganduka," alisema Elvire, akinyanyuka. "Nitawaambia uliukata mwenyewe. Nani atakuamini? Tangu lini umefungua mdomo mbele ya wazee?"

Umeme ukarudi.

Friji ilinguruma jikoni, taa ya dari ikapepesa na kuwaka, na mlango, ambao Elvire aliuegesha tu, ulikuwa wazi nusu. Lambert alikuwa amesimama pale, kreti ya soda mikononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua bafu akamkuta mama yake.

"Lambert," alisema Elvire.

"Dada."

"Umesimama hapo muda gani?"

Lambert alitazama shanga sakafuni, akatazama damu kwenye kidole cha Liliane. "Nilikuwa natafuta swichi kuu."

"Shemeji," alisema Liliane. "Umesikia. Umesikia yote."

Lambert alihamisha kreti kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kama vile tatizo lilikuwa uzito wake.

"Mzee anawaita," alisema, akaondoka.

Liliane alitoka mbio nyuma yake. Hakumpata. Alimkuta Clara kwenye korido, amekaa juu ya zulia na gauni jipya la kijani alilonunuliwa na shangazi yake, anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja. Ana miaka sita. Hakuinuka. Alimtazama mama yake shingoni.

"Imetoka?"

"Imetoka, mwanangu."

"Sasa unaweza kucheza?"

Wenye watoto mnalijua swali hilo. Halina saa wala adabu, na halirudi mara nyingi. Lakini garejini Mzee Cyrille alikuwa anakohoa kile kikohozi chake cha kuanza shughuli, na visigino vya Elvire vilikuwa vinakuja nyuma.

"Bado kidogo," alisema Liliane. "Nikitoka garejini."

Clara aliitikia kwa kichwa, vile watu wazima wanavyomwitikia daktari, akarudi kwenye vifuniko vyake.

Kwenye mlango wa gareji Moraa alimdaka mkono.

"Mama Clara, mbona unatoka damu? Na ule mnyororo uko wapi?"

Liliane alimweleza kwa pumzi moja. Moraa alisikiliza, akatoa funguo za gari mfukoni.

"Sikiliza. Gari liko pale nje, limejaa mafuta. Mbebe mtoto nina-drive sasa hivi mpaka Houston. Huku Texas hakuna jaji atakayekuuliza habari ya mkufu. Mtoto ni wako, full stop."

"Najua ni wangu. Ila nikiondoka hivi nitakuwa nimemwiba. Clara hana ndugu wengine Amerika nzima, Moraa. Hawa ndio watu wa baba yake. Nataka atoke hapa wakimpungia mkono."

"Watu gani? Huyu mama anafuga wajane kama watu wanavyofuga kuku."

"Nataka baraka. Halafu ndiyo Houston."

Moraa alirudisha funguo mfukoni. "Haya. Lakini uongee. Leo usilie, ongea."

Mlango mkubwa wa gareji ulikuwa umeinuliwa juu. Nje vipande vya barafu viliyeyuka kwenye nyasi, na baba mmoja alikuwa akipapasa boneti ya gari lake kuhesabu mabonde. Pombe ya mtama ilikuwa kwenye dumu la plastiki, lile wanalowekewa maji wachezaji mpira, mirija mirefu imechomekwa juu. Mzee Cyrille, mtu mfupi mwenye kofia kubwa ya kikauboi asiyoivua hata kanisani mpaka padri amtazame, alisimama.

"Mjane aje mbele."

Liliane alikwenda. Watu walimtazama shingoni, na minong'ono ikaanza kabla hajafika.

"Mkufu uko wapi?" aliuliza Mzee Cyrille.

Liliane alifungua mdomo. Hakuwahi. Bakuli la saladi lilitua mezani, shanga zikilia ndani yake, na Elvire alikuwa tayari ameshika leso.

"Baba, nilitaka jambo hili liishe kimyakimya," alisema. "Nimemkuta chumbani, gizani, anaukata. Nilipoziokota nikaelewa kwa nini. Zishikeni wenyewe."

Bakuli lilipita mkono kwa mkono.

"Nzito," alisema mama mmoja.

"Baridi," alisema mwingine.

"Mnaona?" Elvire alifuta macho makavu. "Mimi nilimvalisha jeti halisi. Jeti ni nyepesi kama kifungo cha shati, ina joto lake. Hiyo ni chupa. Ameuza jeti ya mume wake, akajivalisha chupa, akakaa kanisani mbele yetu analia na chupa shingoni. Kisha leo, siku ya kuivua, akaona atakamatwa, akakata."

Kuuza alama ya matanga ni kumuuza maiti. Hata watoto waliokuwa wakikimbia na mirija walisimama.

"Liliane?" aliita Mzee Cyrille.

"Baba, ni chupa, ndiyo. Imekuwa chupa tangu siku ya kwanza. Wifi ameniambia mwenyewe sasa hivi, chumbani. Akasema alichagua nzito ili inikabe." Alinyoosha kile kidole chenye damu. "Si mimi peke yangu niliyesikia. Shemeji Lambert alikuwa mlangoni."

Vichwa viligeuka. Lambert alikuwa karibu na dumu, chupa ya soda mdomoni. Akaishusha.

Elvire hakumtazama. Alikunja leso yake mara mbili.

"Lambert, mdogo wangu," alisema. "Sema ukweli tu. Kama nilivyokufundisha kule Kibondo, nilipokuwa nakupa uji wangu nalala na maji."

Msomaji, kama umewahi kudaiwa uji uliokunywa ukiwa na miaka minne, unajua kilichompata Lambert. Alimtazama Liliane, na kwa sekunde moja Liliane aliona ukweli umefika mpaka kwenye meno yake.

"Umeme ulikuwa umekatika," alisema Lambert. "Mimi sikusikia kitu."

"Kwani sikio nalo linatumia umeme?" aliuliza Moraa kutoka nyuma.

Watu wawili watatu walicheka. Elvire aligeuka.

"Wewe Mkenya umealikwa kula. Kushauri hukualikwa."

"Na chakula chenyewe hakina chumvi."

"Nyamazeni," alisema Mzee Cyrille. Alionekana mzee ghafla chini ya kofia ile. Alimgeukia Liliane, na Liliane alijua anachokuja kusema kabla hajakisema, kwa sababu alianza kwa kumwita mwanangu. "Mwanangu, mimi sikuwepo chumbani. Nina neno lako na nina neno la binti wa kaka yangu. Shahidi wako amekukana. Basi mtoto wa Protais..."

"Baba, kabla hujamaliza."

Alimkatiza mzee. Mke wa Mzee Cyrille alishika kinywa. Liliane mwenyewe alijisikia kama aliyevuka barabara kuu kwa miguu. Lakini kitu kilikuwa kimemjia, na kilikuwa kimetoka mdomoni mwa Elvire mwenyewe.

"Siku ya mazishi," alisema, "wifi hakunivalisha mkufu moja kwa moja. Alikupa wewe kwanza uuombee. Uliushika kwenye kiganja."

"Niliushika."

"Ulisema nini?"

Mzee Cyrille alisukuma kofia nyuma. Alitazama dari ya gareji, pale baiskeli za watoto zilipotundikwa.

"Nimesahau," alisema.

"Mimi sijasahau," alisema mke wake kutoka kwenye kiti chake. "Nilikufinya. Ulisema mbele ya padri: 'Elvire, huu ni mnyororo wa baiskeli, utamvunja mtoto wa watu shingo.'"

"Kweli kabisa," alisema baba mwenye gari la mabonde. "Hata mimi nilisikia. Nilikuwa nimebeba shada."

"Na mimi," alisema mama mwingine.

Mzee Cyrille aliingiza mkono kwenye bakuli, akachota shanga, akazipima. Akazipima tena. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama wa mtu anayelitambua koti lake kwenye mwili wa mwingine.

"Elvire," alisema. "Umesema ulimvalisha nyepesi kama kifungo cha shati."

"Baba, siku ile ulikuwa umechoka."

"Nilichoka miguu. Mkono haukuchoka."

Elvire alifungua mdomo. Hakukuwa na kitu ndani, ila ile pipi ya mnanaa, nyeupe juu ya ulimi.

"Lambert," aliita Mzee Cyrille bila kugeuka. "Rudi Houston ukajifikirie." Kisha akaliinua bakuli, akatoka nalo nje mpaka kwenye pipa la takataka ukingoni mwa barabara, akazimwaga shanga, akarudi akilipangusa kwa mkono. "Bakuli ni la watu," alisema. "Matanga ya Protais yameanuliwa. Mke wake amelia vya kutosha, na zaidi ya kutosha. Tumeganduka."

Vigelegele vilipasua gareji. Moraa alikuwa wa kwanza kufika. Alimfunga Liliane kitenge cha njano juu ya gauni lile jeusi, akakaza fundo kiunoni kana kwamba anafunga mzigo wa safari. Wanawake walimsukuma mpaka kwenye dumu, wakamtia mrija mdomoni. Pombe ya mtama ilikuwa chachu, ikamkereketa, akakohoa, na kwenye kile kikohozi kicheko kikatoka. Kilitoka na kutu. Alikigeukia mwenyewe kuona ni nani aliyecheka.

"Kesho asubuhi," Moraa alimwambia sikioni. "Kabla hawajaamka. Clara nitamwekea mto kiti cha nyuma."

"Kesho," alisema Liliane.

Aliitazama shingo yake kwenye kioo cha pembeni cha gari. Palikuwa na alama, mduara wa ngozi iliyofifia. Itapotea, alijiambia. Houston kuna jua.

Natamani ningeishia hapo. Nawajua mnaonisoma kwenye mapumziko ya zamu, ningewaachia kitenge cha njano mkalale nacho. Lakini wakati wote huo kuna mtu aliyekuwa ameingia ndani ya nyumba, na sasa alikuwa anatoka.

Elvire alitoka ameosha uso. Amemshika Clara mkono. Watu walinyamaza mmoja mmoja, kama redio zinazozimwa mtaani.

"Baba, umeamua," alisema, na akapiga goti. Alipiga kweli, goti kwenye saruji. "La mkufu nimekosa. Uchungu wa ndugu yangu ulinipofusha. Wifi, nisamehe."

Liliane hakutegemea hilo. Moyo wake ni mwepesi, mnaujua. "Yameisha, wifi," alisema.

"Asante." Elvire aliinuka, akapangusa goti. "Limebaki la mtoto."

"Mtoto ana mama yake," alisema Mzee Cyrille.

"Nani amekataa? Ila siku ya kuganduka hutajwa mtoto wa marehemu atalelewa wapi. Hiyo ni mila, na siyo ya Uingereza."

Wazee walitazamana. Ni kweli, ni mila.

"Mimi sidai," aliendelea Elvire, sauti laini kama siagi juani. "Naomba aulizwe mwenyewe. Ana akili zake. Akisema mama, mimi mwenyewe nitalibeba begi lake mpaka garini. Akisema mimi, akae kwangu, wifi aende akasome, aje kumwona. Wala hatutagombana." Akamgeukia Liliane. "Au unaogopa kumuuliza mtoto uliyemzaa?"

"Usijibu," alisema Moraa. "Mama Clara, tafadhali. Umeshashinda. Twende zetu."

Na kweli alikuwa ameshashinda. Hapo ndipo penye kisu. Mtu aliyeshindwa angekuwa mwangalifu. Liliane alikuwa na njano mwilini, pombe kooni, na kicheko cha kwanza baada ya mwaka na nusu. Alimtazama binti yake na hakuona cha kuogopa. Alimnyonyesha. Alimwimbia wakati wa homa, kabla hajakatazwa kuimba. Nani anaogopa kuuliza mkono wake wa kulia kama ni wake?

"Aulizwe," alisema.

"Na atakalosema?" aliuliza Elvire.

"Ndilo hilo."

"Mbele ya wote hawa?"

"Mbele ya wote."

Moraa alifumba macho.

Mzee Cyrille alivua kofia. Nje ya kanisa wengi hawakuwahi kuona kichwa chake. Alimsimamisha Clara katikati ya gareji, akainama mpaka magoti yakalia.

"Clara, mjukuu wangu. Hakuna atakayekugombeza. Tukimaliza hapa, unataka kukaa na nani?"

Elvire aliuachia mkono wa mtoto. Alirudi nyuma hatua moja, akafungua viganja vyote viwili ili kila mtu aone kuwa ni vitupu.

Liliane alipiga magoti kwenye saruji, akafungua mikono. Alikuwa anatabasamu, tabasamu zima, meno yote, kama zamani. Clara alimtazama. Alimtazama kwa makini na adabu, vile mtoto anavyomtazama mgeni aliyeambiwa habari zake. Alitazama kitenge. Alitazama ile mikono iliyofunguliwa, ambayo kwa mwaka na nusu haikuruhusiwa kucheza naye, kisha akageuka kuona shangazi yake amesimama wapi.

Halafu akasema, kwa Kiswahili safi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama anavyofundishwa shuleni kumjibu mtu mzima:

"Nataka kubaki nyumbani na shangazi."